Jiwe Halina Shingo

Miji mingine ya Uyunani hujisifu kwa kuta zake, mingine kwa farasi wake. Sisi wa Drimo ukuta wetu mbuzi anauruka bila kupasha misuli, na farasi wetu tusiwaseme, wasije wakasikia wakafa kwa aibu. Lakini sikukuu ya maksai tunayo, na mji unaodhani unatushinda kwa hiyo uje tuonyeshane. Siku hiyo mtu mkubwa si mtawala wala kuhani. Ni Damofoni, mume wa Melino, mwanamume mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye siku nyingine zote ungempita njiani ukadhani umepita kisiki.

Siku hizo nyingine Damofoni hulima. Ana maksai wawili, na kila mwenye shamba la shayiri humwita yeye. Huongea na ng'ombe zake kuliko anavyoongea na mkewe, na aliyesema hivyo ni mkewe mwenyewe, msije mkatutafutia ugomvi. Kazi ya shoka aliirithi kwa baba yake, kama wengine wanavyorithi pua.

Kazi yenyewe ni hii. Majira ya joto tunapanga mikate ya shayiri juu ya madhabahu ya Zeu kule kilimani, halafu tunawazungusha maksai. Yule atakayenyoosha shingo akala, huyo kajitafutia: kala chakula cha mungu. Damofoni anampiga shoka moja, analitupa shoka chini, na anakimbia. Maana maksai wa kulima ni mtu wa nyumbani, amekulisha, na kumwua ni kuua. Muuaji hukimbia. Anakimbia vile vile na damu ya maksai nguoni, watu wakimshangilia, anafuata njia ya korongo mpaka ng'ambo, na huko anakaa mpaka jua lizame. Njiani haruhusiwi kusema na mtu wala kugeuka nyuma, hata aitwe kwa jina la mama yake. Akigeuka, damu ya maksai inarudi mjini na kuingia katika watoto na mifugo. Ndivyo walivyotuambia baba zetu, na hakuna aliyewahi kugeuka ili ajue.

Huku nyuma tunakaa baraza kwenye meko ya mji, tunatafuta nani kaua. Wasichana waliochota maji ya kunolea wanasema, sisi tulileta maji tu, mwulizeni aliyenoa. Filaio mnoaji anasema, mimi nilinoa tu, mwulizeni aliyepiga. Aliyepiga kakimbia. Basi lawama inaliangukia shoka, na shoka halina mdomo wa kujitetea. Linahukumiwa, linatupwa korongoni. Ngozi ya maksai tunaijaza nyasi kavu, tunaisimamisha na kuifunga nira kana kwamba ni mzima, na nyama tunaila. Jua likizama Damofoni anarudi, ananawa kijitoni, anapewa ubavu wake, na mji mzima unalala hauna hatia. Mnijie na mji mwingine unaojua kuchinja kwa adabu namna hiyo.

Mambo yaliharibika alipotawala Timandro.

Baba yake Timandro alichomwa kisu karamuni na watu aliokuwa akiwamiminia divai. Kijana akakitwaa kiti cha baba kikiwa bado na joto, akaanza kulipiza. Wa kwanza kuuawa walikuwa na hatia kweli. Wa pili, labda. Wa tatu hata mbwa wao hawakujua ni kwa nini. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na Timandro aliishi kama mtu aliyevua nguo zote akabaki anaikagua ngozi. Akaleta walinzi wa kukodi kutoka milimani, mkubwa wao anaitwa Lamponi, jitu la mashavu mekundu lisilosema sana. Mji ukawa unanong'ona, halafu hata kunong'ona tukaacha. Ukimwambia jirani habari za asubuhi, anakaa mpaka jioni akijiuliza ulikuwa na maana gani.

Mtu mmoja tu hakuingia katika mchezo huo, naye ni Alketa, mdogo wake Timandro. Alketa alikuwa wa kucheka. Alikunywa na wakulima, alipanda magenge ya korongo kufuata asali ya nyuki wa porini, na mwaka mmoja siku ya sikukuu alijibanza njiani akamtupia Damofoni tini mbichi akiita, "Damofoni, geuka, mkeo katoroka na mwuza vitunguu!" Damofoni hakugeuka. Melino alipoambiwa alisema, "Angalau angeuliza ni mwuza vitunguu gani."

Timandro alimpenda ndugu huyo kuliko kitu chochote. Na hapo ndipo palipokuwa na taabu, maana kwa mtu wa aina yake, unayempenda ndiye aliye karibu zaidi na koo lako.

Ikafika sikukuu. Maksai mmoja mwekundu akala mikate. Damofoni akamwambia kitu sikioni, kama afanyavyo siku zote, akapiga, akatupa shoka, akakimbia. Alketa hakuonekana madhabahuni, lakini Alketa kukosa ibada haikuwa habari.

Jua lilikuwa utosini Damofoni alipofika chini ya magenge ya nyuki. Akasikia mawe yakiporomoka nyuma yake, kisha sauti.

"Damofoni! Damofoni, simama, mguu wangu!"

Aliijua sauti. Miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe. Akakumbuka zile tini mbichi, akakumbuka na watoto wa mjini na ndama, akaikaza shingo. Sauti ikaita tena, chini zaidi, neno moja ambalo hakulishika vizuri kwa mvumo wa nyuki. Kikaporomoka kitu kizito. Kisha nyuki peke yao. Damofoni akaenda zake, akavuka, akakaa chini ya mtini mpaka jua lizame, akijiambia kwamba kesho Alketa atamcheka mbele ya watu.

Aliporudi kijitoni alimkuta Melino amesimama majini, na Melino hakuwa na desturi ya kumpokea mtu.

"Usinawe," akamwambia.

"Kwa nini?"

"Wamemkuta Alketa korongoni. Jiwe limempondaponda kichwa. Ukinawa sasa watauliza ulikuwa unaosha nini."

"Nisiponawa watauliza damu hii ya nani."

Melino akamtazama nguo, kisha uso. "Ya nani?"

"Melino."

"Nauliza tu, mume wangu. Kuuliza si kosa."

"Ya maksai. Ulikuwepo, uliona nikipiga."

"Niliona ukipiga. Ulikokimbilia sikuona. Hakuna aliyeona, si ndiyo raha ya sikukuu yenyewe?"

Damofoni akanawa. Lakini alinawa taratibu mno, na mkewe akaliweka hilo moyoni. Asubuhi yake alimwona akiwapa ng'ombe nyasi bila kuwaambia neno, akaliweka na hilo. Filaio mnoaji akaja na kisingizio cha kuazima kamba, akakaa mlangoni akimchungulia jirani yake kama mtu anayekagua jibini lililoanza kunuka.

"Wanasema alipigwa na kitu kizito," akasema Filaio.

"Jiwe," akajibu Damofoni.

"Wanasema jiwe. Mimi shoka lako nililinoa vizuri sana mwaka huu, jirani. Nimelala nikiliwaza."

"Shoka nililiacha madhabahuni. Ulilihukumu wewe mwenyewe, ukalitupa."

"Nililitupa, ndiyo. Sikuligeuza upande wa pili kutazama." Akachukua kamba yake. "Nasema tu."

Siku ile kila mtu alikuwa anasema tu, na kabla chakula cha mchana hakijaiva walinzi walikuwa mlangoni. Lamponi ndiye aliyemshika mkono Damofoni, na Melino, ambaye macho yake hayapitwi na nzi, aliona kwamba jitu lile halimtazami mumewe usoni.

Tukakutanishwa kwenye meko ya mji. Wazee walikuwa wamelileta lile jiwe juu ya punda, wakaliweka katikati. Mzee Euforbo, mwenye sauti kavu ya kutukohoza sote, akasimama.

"Mtukufu, aliyemwua ndugu yako ni huyu hapa. Nywele za marehemu bado ziko juu yake. Sheria yetu inalijua jiwe linaloua: tunalihukumu, tunalitupa nje ya mpaka. Lia, mwanangu, tukusaidie kulia."

Timandro alikuwa hajalala wala kula. Alilitazama jiwe kwa muda mrefu.

"Jiwe halina shingo," akasema.

Mzee Euforbo akakaa.

"Nitawaambieni jambo," akasema Timandro. "Kuna siku moja katika mwaka ambayo mtu anaweza kukimbia katikati ya Drimo akichuruzika damu, na nyinyi mkampigia makofi. Ningekuwa mimi nataka kumwua mtu, ningechagua siku gani?"

Sasa, tusidanganyane. Ilikuwa hoja nzuri. Waliosoma kwa walimu wa kulipwa wasingeipanga vizuri zaidi. Tulimgeukia Damofoni tukamwona kama hatujawahi kumwona: mkono uliozoea shoka, kimya chake, yale masikio. Hata waliokula shayiri ya mashamba aliyoyalima walianza kukumbuka kwamba siku fulani alipita bila kusalimu.

Timandro akaanza kuuliza kwa utaratibu wetu wenyewe. Akawaita wasichana wa maji. "Sisi tulileta maji tu," wakasema, wakilia, "mwulize aliyenoa." Akamwita Filaio. "Mimi nilinoa tu," akasema Filaio, "mwulize aliyepiga." Midomo ilikuwa imezoea, ilitembea yenyewe. Neno lilipofika mwisho ndipo tulipoinua macho na kuona kwamba mahali pa shoka pamesimama mtu.

Damofoni alikuwa ameshapewa ushauri. Njiani Melino alimwambia sikioni, "Sema ulikimbia, hukuona kitu. Ni kweli, na ukweli mfupi haugugumizi."

"Ulimwona ndugu yangu?" akauliza Timandro.

"Sikumwona, mtukufu."

"Ulimsikia?"

Hapo mtu mwenye akili ya kuishi angejibu upesi. Damofoni akainamia chini kama anatafuta kitu alichoangusha.

"Nilimsikia," akasema.

Melino akajifunika uso kwa shela. "Mpumbavu wangu mimi," akasema humo ndani.

"Alisema nini?"

"Aliniita jina. Akasema, simama, mguu wangu."

"Nawe?"

"Sikugeuka. Hairuhusiwi."

Mguu wangu. Mtoto yeyote angelielewa neno hilo: kijana kapanda magenge, jiwe limeteleza, limembana mguu, naye anaomba msaada. Lakini Timandro masikio yake yalikuwa yamejaa kitu kingine. Alishuka kitini akamsogelea Damofoni mpaka pumzi zao zikakutana.

"Mtu anayekufa hutaja jina la nani?"

"La aliye karibu, mtukufu."

"La aliyemwua."

"Alikuwa anaomba msaada."

"Basi ulimwua kwa shoka, au ulimwua kwa mgongo. Nikuchagulie lipi?"

Damofoni akafungua mdomo, akaufunga. Swali hilo alikuwa ameshajiuliza tangu pale kijitoni, na jibu hakuwa nalo. Timandro akaona ule mdomo ukifungwa, akaridhika. Kwake kimya kilikuwa shahidi bora kuliko watu wote, kwa kuwa hakipingi.

Akahukumu atupwe korongoni, pale pale alipofia Alketa, sasa hivi, na tumtupe sisi wenyeji, ili damu yake iwe juu ya mikono yetu sote na pasiwe na wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Maskini Timandro. Alikuwa amesahau anatawala watu gani.

Tukaenda mpaka ukingoni. Filaio akapewa kamba yake ile ile ya kuazima. "Mtukufu, mimi mnoaji," akasema. "Kamba nitaishika, lakini kufunga kuna wafungaji." Akaitwa mwenye punda, akafunga, na alipomaliza akarudi nyuma. "Mimi nimefunga tu. Wa kusukuma ni wengine." Wengine wakasema wao wamekuja kumsindikiza tu. Mzee Euforbo akasema yeye angesukuma kwa furaha, lakini magoti yake yanasukumwa na upepo. Hatukuwa tumekubaliana, na hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Ilikuwa ni kazi tuliyoifanya kila mwaka tangu babu zetu, na hukuti watu duniani wanaoijua kama sisi.

Ikafika kwa walinzi. Lamponi akatoka jasho. "Bwana, sisi tumekodiwa kukulinda wewe. Tukimwaga damu ya mwenyeji, mizimu yake itatufuata wageni mpaka milimani. Kisasi cha ndugu ni cha ndugu."

Na hiyo ndiyo sheria, Uyunani nzima. Ncha ya kamba ikaishia mkononi mwa Timandro.

Damofoni alikuwa amesimama mdomoni mwa korongo, mikono nyuma, anamtafuta Melino kwa macho. Timandro akapiga hatua moja. Kumsukuma mtu pale ni lazima ufike ukingoni, na ukifika ukingoni mgongo wako unakuwa kwa watu. Akatazama kule chini. Akatutazama sisi. Akatazama mikono yetu, mmoja baada ya mwingine, halafu akaitazama ya Lamponi. Hatukusogea hata unywele. Siku hizi kila mlevi wa Drimo anadai kwamba siku ile alikuwa tayari kumsukuma mtawala, na wote ni waongo. Lakini Timandro aliona mikono tu, na mikono mitupu ndiyo iliyomtisha zaidi.

Akarudi nyuma.

"Jiwe na mtu huyu vitupwe nje ya mpaka pamoja," akasema. "Ng'ombe zake ni zangu. Atakayempokea akirudi atakufa naye, mpaka siku nitakapopata mwingine aliyemwua ndugu yangu. Ila hayupo mwingine."

Kwa hiyo Damofoni aliondoka Drimo kwa hukumu ya kitu, si ya mtu, akitembea nyuma ya punda aliyebeba jiwe. Melino alikuja na chungu cha makaa ya mekoni kwake na nira begani. Maksai walilia zizini alipowapita, naye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatokwa na machozi. Sisi tulifuata kwa mbali, kama watu wanaoelekea kwingine.

Mpakani Lamponi akalibwaga jiwe ng'ambo ya kijito. Akamfungua Damofoni kamba, akasimama tu, haendi.

"Una nini?" Melino akamwuliza. "Tangu ulipokuja mlangoni kwetu humtazami mume wangu."

"Nilikuwepo," akasema Lamponi.

"Wapi?"

"Pale magengeni. Bwana aliniambia nimfuate ndugu yake kila aendako, nimwambie anakutana na nani. Alikuwa anafuata asali. Jiwe dogo likambana mguu. Akakuona unapita, akaita. Nilijua utageuka, Damofoni. Nikasubiri ugeuke. Mpelelezi akijionyesha, kazi imekufa, na mimi pamoja nayo. Kisha likaja hili kubwa."

Damofoni akakaa juu ya jiwe lenyewe. Akauliza kitu kimoja.

"Mara ya pili aliita nini? Sikusikia vizuri."

Lamponi akafuta uso. "Aliita Timandro."

Melino akanyoosha kidole upande wa mji.

"Rudi ukaseme," akasema Melino.

"Nikisema, ataniuliza kwa nini sikumwinua. Nitasimama pale aliposimama mumeo. Na mimi ni mgeni, mama, kwangu watapatikana wasukumaji wengi."

"Mume wangu, mpige."

Damofoni hakumpiga. Akamtazama yule mlinzi, na inawezekana yeye Damofoni ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kumwelewa, jambo ambalo Melino hajamsamehe hadi leo. "Nipe nira," akamwambia mkewe. Lamponi akavuka kijito, akatupita kama ng'ombe anayerudi zizini, macho chini.

Lakini Melino hakufundishwa kumeza. Akapanda juu ya lile jiwe, chungu cha makaa mkononi, akatupigia kelele ng'ambo neno kwa neno: asali, mguu, mpelelezi, na jina lililoitwa mara ya pili. "Mmesikia?" akauliza. "Basi mwambieni Timandro. Mmoja wenu tu amwambie, sisi turudi kwetu."

Tulisikia. Drimo nzima ilijua kabla maziwa hayajaganda. Mzee Euforbo akasema anayefaa kusema ni kijana, kwani yeye magoti yake hayapandi ngazi za mtawala. Vijana wakasema neno kama hilo linataka mvi. Filaio akasema yeye ni mnoaji. Na Timandro tangu siku hiyo anakaa mekoni akituchungulia usoni mmoja mmoja, anahisi kuna kitu tunamficha, anabadilisha walinzi, anabadilisha hata wapishi. Kwa mara ya kwanza tangu alipowamaliza wauaji wa baba yake, hakosei.

Damofoni sasa analima bonde la pili kwa maksai wa kuazima, mmoja wao kichaa. Siku za soko la mpakani huja na gunia la shayiri, akasimama upande wake wa kijito, nasi upande wetu. Husalimia kwa adabu, huulizia ng'ombe zake kwa majina, wamenenepa, wamekonda. Halafu huuliza, "Mmemwambia?"

"Bado kidogo," tunamjibu. "Filaio yumo njiani kwenda."

"Filaio si yule pale anauza kisu?" anasema Melino.

Tunageuka, tunamwona Filaio, tunacheka. Damofoni anacheka kidogo na yeye, anajitwika gunia lake, na anamsubiri mkewe amalize kututukana.